MUULIZE MJOMBA: Babu alienda vita ya Kagera, akafa bila kutuambia kitu

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni mjukuu wa kwanza, babu mzaa baba tumemzika juzi hapa na tunaelekea arobaini, nimepewa kazi ya kuandika historia yake isomwe siku hiyo alafu ibaki kwenye familia, maana wasifu uliosomwa msibani ulikuwa robo ukurasa, alizaliwa akasoma akaingia jeshini akaoa akastaafu, basi, watu wakabaki wanaangaliana. Mji wetu mdogo, kila mtu hadi watoto wa shule walikuwa wanamuita Afande, ila ukiuliza huyo Afande alifanya nini hakuna anayejua zaidi ya kwamba alienda vita ya Kagera. Mwenyewe ukimuuliza alikuwa anasema "tulienda tukarudi" alafu anaongeza sauti ya redio. Sasa baba mdogo anasema aliingia Kampala na alimkosakosa Idi Amin mwenyewe, yule rais wa Uganda, shangazi anasema acha uongo alikuwa dereva tu, bibi yeye anacheka. Kwenye sanduku lake la bati nimekuta medali moja, picha ya vijana watatu juu ya lori haina maandishi nyuma, karatasi imechanika ina MT na namba, na kombati mbili. Nianzie wapi? Na ya baba mdogo niiandike? Maana ndo tamu. (Mjukuu wa Afande)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba.

Anza na anayecheka. Mtu akicheka namna hiyo anajua kitu, na bibi ndo aliyebaki na watoto. Ila usimuulize vita ilikuwaje maana hakuwepo, muulize aliondoka lini, mchana au usiku, alivaa nini, aliacha hela kiasi gani, barua ya kwanza ilifika baada ya muda gani na nani aliisoma, aliporudi alikuwa amekonda au amenenepa. Watu wanadhani historia ya askari inakaa mbele ya risasi tu, kumbe nusu yake iko jikoni kwa mke wake.

Alafu ile karatasi, itunze kama cheti cha kiwanja. MT ni namba ya jeshi ya askari wa vyeo vya chini, maofisa wao inaanza na P, kwahiyo hapo ushajua babu hakuwa ofisa wakati karatasi ile inaandikwa, hata kama mtaa mzima ulimpigia saluti. Angalia vizuri kama kuna herufi KJ, yaani Kikosi cha Jeshi, zenye namba kabla yake, hicho ndo kikosi, na ukishapata kikosi umepata wenzake. Nenda kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, yule ni mwanajeshi na ofisi yake iko hapohapo wilayani, au ulizia wazee wa MUWAWATA, ule muungano wa wanajeshi wastaafu. Peleka na picha. Mzee wa miaka 70 anaweza kusahau jina la mkwe wake lakini uso wa mtu aliyelala naye handaki moja hasahau.

Sasa Kampala. Hapa nikusimulie aibu yetu. Baba yangu mdogo naye alienda, akafariki, tukamwandikia wasifu mzito, ameteka mji, amepeperusha bendera, kijana mmoja wa ukoo anasoma kwa sauti ya mtangazaji, watu wanalia. Akasimama mzee mmoja na fimbo yake akasema kwa upole tu, "huyu tulikuwa wote wahandisi medani, tulikuwa Kyaka darajani, Kampala hakufika." Kimya. Yani tulitamani ardhi ipasuke. Alafu yule mzee akaanza kueleza lile daraja, kwamba majeshi ya Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978 yakashika eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, daraja la Kyaka wakalilipua, na bila kuweka daraja la muda jeshi letu lingevukaje na mizinga? Baba mdogo alikuwa ndani ya maji ya mto ule. Tulikuwa na habari nzuri kuliko ile tuliyotunga, hatukuwa tumeuliza tu.

Kwahiyo ya baba yako mdogo usiiandike kwanza, ipime. Mwalimu Nyerere alitangaza mwanzoni mwa Novemba 1978 kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga nduli Amin tunavyo, Mutukula pale mpakani ikachukuliwa Januari 1979, baada ya hapo jeshi likagawanyika njia mbili. Wengine walipita Masaka, iliyoanguka mwishoni mwa Februari, wakapigana Lukaya mwezi Machi na kule walikutana hadi na Walibya, wakachukua Entebbe, na Kampala tarehe 11 Aprili. Wengine walishika njia ya magharibi kwenda Mbarara. Ukishajua kikosi chake kilishika njia ipi ugomvi wa shangazi na baba mdogo unaisha wenyewe. Na hiyo ya kumkosakosa Amin ifute tu mwanangu, jamaa alishakimbia kabla mji haujaanguka.

Na huyo shangazi anayesema "dereva tu", mwambie hiyo "tu" aitoe. Kutoka Mutukula mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 200, wale vijana walikuwa wanatembea kwa miguu, risasi, unga, maji na majeruhi vyote vilikuwa juu ya lori la mtu. Picha yako ina lori. Mi sisemi kitu, ila ina lori.

Jambo lingine ambalo familia nyingi zinachanganya, jeshi lile lilikuwa dogo kabla ya vita, likajazwa na mgambo, JKT, polisi, hadi magereza. Wengi wa mgambo baada ya kazi walirudi makwao wakashika jembe. Wa kwenu wasifu unasema alistaafu, kwahiyo alibaki jeshini, sasa ulizia alikaa wapi miaka yote ile baada ya 1979. Vita vilikwisha Juni 1979 lakini kuna vikosi vyetu vilibaki Uganda hadi 1981, na waliorudi walikuta Mwalimu ameomba miezi 18 ya kufunga mikanda, dukani sabuni hakuna sukari hakuna, na ile miezi 18 kila mtu anajua ilivyorefuka. Muulize bibi hapo pia, hapo hatacheka.

Ule ukimya wa babu usiujaze. Mtu akisema tulienda tukarudi ameshakwambia kwamba kuna ambao hawakurudi, na picha ina vijana watatu. Andika hivohivo, kwamba alikuwa hasemi na alikuwa anaongeza redio. Na usimalizie 1979, maana mtu alikaa vitani miezi kadhaa alafu akaishi miaka mingine zaidi ya 40, akalea, akagombana na majirani, sijui alikuwa fundi wa nini au mlezi wa timu gani hapo mjini, wewe ndo unajua. Watoto wa shule hawakumuita Afande kwa sababu ya Mutukula, hata hawaijui iko wapi, kuna kitu alikuwa anawafanyia. Waulize wao nao, tena wape wasome kipande kimoja siku ya arobaini.

SWALI LA PILI (hukuuliza vizuri lakini nimeliona): kombati mbili.

JIBU: Hizo msigawane. Najua kuna binamu ashaanza kuijaribu koti mbele ya kioo. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa, na mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wazisalimishe, kwahiyo pelekeni kambi ya jeshi iliyo karibu au kituo cha polisi, elezeni ni za marehemu, mtapokelewa vizuri tu. Medali ni yenu, hiyo akae nayo bibi. Na hiyo picha kabla hujaipeleka kwa wazee ipige kopi, original usimwachie mtu hata kama analia, alafu nyuma ya kopi andika kwa penseli jina la kila atakayetajwa, kushoto kwenda kulia.