Vitoto vya nguruwe vinaharisha kila baada ya kuachishwa kunyonya? Angalia mahindi

Mkuu, umesema umeshabadilisha dawa mara kadhaa na kuhara kunarudi palepale. Mimi ningeanza na chakula. Chota mahindi na pumba unazolisha, zitandaze juani uzikague: punje zilizobadilika rangi, zenye ukungu wa kijani au pinki, harufu ya uvundo. Hapo ndipo mara nyingi sumukuvu (sumu inayotengenezwa na ukungu) ilipo, ingawa hata punje nzima inaweza kuwa nayo.

Kitoto cha nguruwe huzaliwa karibu bila kinga mwilini. Anaipata kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, siku ile ya kwanza. Ukimwachisha wiki ya nne, kinga ya mama inapungua na yake bado haijakomaa. Sasa umpe aflatoksini, sumukuvu inayoumiza ini na kudhoofisha kinga hata chanjo zisishike vizuri, pamoja na fumonisini, sumukuvu nyingine inayolegeza ukuta wa utumbo. Bakteria wa kuhara wanapata upenyo, na dawa inabaki kuzima moto ambao wewe mwenyewe unauchochea kila asubuhi.

Kuchemsha hakusaidii, sumu hizi zinastahimili joto la jikoni. Chambua, tupa mabovu (usimhamishie mama anayenyonyesha, sumu nyingine hupita kwenye maziwa), na hifadhi mahindi yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13. Bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaochanganywa kwenye chakula, hunasa aflatoksini, lakini fumonisini hainasi vya kutosha.

Na tafadhali, usiwapunguzie protini. Dagaa safi au soya iliyokaangwa iwepo, kwa sababu kingamwili hujengwa na protini.