Linux inakwama kwenye memori nyingi

Swali: Mheshimiwa Mhariri, kompyuta yangu ya mtumba ina vipande vinne vya memori, kila kimoja jigabaiti 8. Nikisakinisha Linux ya biti 64 inakwama, kila mara mahali tofauti. Nikibakiza kipande kimoja, inakamilika. Je, Linux haiwezi jigabaiti 32? Msomaji wa Himbi, Goma.

Jibu: Ndugu msomaji, inaweza bila shida. Ni Linux ya biti 32 isiyo na PAE (njia ya kuiwezesha kufikia memori zaidi) ndiyo inayoishia jigabaiti 4, nayo huziacha tu zinazozidi. Kukwama mahali tofauti kunanifanya nishuku kipande kibovu au tundu lenye uchafu, kwa kuwa usakinishaji hunakili faili nyingi na kuijaza memori mpaka pale pabovu. Zima, chomoa waya wa umeme, usugue meno ya kila kipande kwa kifutio kikavu (vumbi jeusi la lava tunalijua sote), kisha uwashe Memtest86+, programu ya kupima memori, kutoka kwenye fleshi na kuiacha usiku kucha, umeme ukikubali. Ukiona mstari mwekundu hata mmoja, pima kipande kimoja kimoja katika tundu lilelile. Kuandika mem=4G (yaani itumie jigabaiti 4 za kwanza tu) mwishoni mwa mstari wa linux katika menyu ya kuwashia kunaweza kukuvusha, lakini kibovu kitabaki ndani.