Shangazi, hela ya rangi nimenunulia maiki

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mchoraji, nina miaka 34, naishi Kirumba hapa Mwanza na mke na watoto wawili, tumepanga chumba na sebule. Kazi yangu ni kuandika majina na kupaka mitumbwi pale mwaloni, nachora pia picha za watu, na zamani mabango ya maduka kabla fleksi haijayachukua. Miaka miwili sasa natengeneza muziki nyumbani usiku, kwa simu na kompyuta ya mtumba. Sijasomea, najifunza mwenyewe. Mwezi uliopita tajiri wa mtumbwi alinipa kianzio cha rangi, shilingi 280,000, nikanunua maiki. Mke wangu anauza dagaa. Alipogundua alitoa mtaji wake, rangi ikapatikana, mtumbwi ukaisha, tajiri hakujua. Tangu siku hiyo kati yetu ni salamu tu, na juzi amesema nichague, muziki au nyumba. Rafiki zangu wananiambia mshika mawili moja humponyoka. Prodyuza mmoja wa mjini alinisikiliza akasema sauti sina. Ila binti yangu wa miaka minane huwa anaiimba kazi yangu akiosha vyombo. Shangazi, niache muziki, au niache brashi niingie kwenye muziki mzima mzima? Nimekuwekea kipande usikilize.
Mchoraji wa Mwaloni

Marahaba, mwanangu.

Kipande nimekisikiliza mara tatu na nitakizungumzia, lakini kwanza kuna maneno manne ya barua yako yaliyonifanya niweke kikombe cha chai chini: "mtumbwi ukaisha, tajiri hakujua." Umeyaandika kama mtu aliyemaliza deni. Deni halijaisha, limehama tu. Lilikuwa la tajiri, sasa ni la mkeo.

Mimi ni mtoto wa mvuvi wa dagaa, mtaji wa muuza dagaa naujua hadi harufu yake. Haulali benki. Unalala kwenye pindo la kanga, noti zimekunjwa kidogo kidogo na zinanuka samaki, na alfajiri unafunguliwa mitumbwi ikitia nanga. Ukikosa kununua asubuhi mbili tatu, wateja wako wameshahamia kwa jirani, na kuwarudisha ni kazi ya miezi. Ndiyo hela aliyoitoa mkeo ili jina lako lisichafuke mwaloni. Ungekuwa umezinywea pombe angalau angejua aanzie wapi, maana mama zetu na dada zetu wamepita huko na maneno yake yapo. Lakini maiki? Mwanamke anamweleza nani kwamba mtaji wake umeliwa na maiki?

Kwa hiyo anaposema "muziki au nyumba", simsikii akigombana na muziki. Miaka miwili amelala chumba kimoja na huo muziki wala hakukwambia uchague. Amesema hivyo baada ya uongo.

Maiki iuzwe. Najua umeshtuka. Iuzwe wiki hii, hata kama utapata nusu ya bei, na hela uiweke mkononi mwake alfajiri kabla hajatoka, ili aende nayo kununua mzigo. Umpe kabla hujafungua mdomo kueleza chochote. Inayobaki mtapanga. Na tafadhali, usimwombe msamaha kwa wimbo.

Nakwambia uuze bila huruma kwa sababu nimekisikiliza kipande chako, na maiki huihitaji.

Sekunde arobaini za mwanzo, mwanangu, nilisimamisha kazi. Kuna fundi anaziba mtumbwi kwa pamba, nyundo inagonga to-to, to-to, halafu kimya, halafu to-to. Chini yake kuna kitu kinakwaruza taratibu, nikajiuliza ni nini, mara ya pili nikakitambua: ni brashi yako inafuta rangi kwenye mdomo wa kopo. Kisha injini inawaka mbali, ziwani, inakuja, inapita, inaisha. Umevipanga vitu hivyo vitatu jinsi unavyopanga rangi, kila kimoja na nafasi yake. Nadhani hizo ulizinasa kwa simu, kabla ya maiki. Nimekosea?

Halafu sekunde ya arobaini na moja linaingia biti la kupakua mtandaoni, na wewe unaanza kuimba kama kijana wa Dar es Salaam aliyeachwa na mpenzi wake kule Masaki. Sauti imepitishwa kwenye programu mpaka imekuwa kama ya nzi ndani ya chupa. Hapo prodyuza hakukuonea. Sauti huna, nami naungana naye. Alichokosea ni kudhani muziki wako uko kwenye sauti. Na hebu msikilize binti yako vizuri: anachokiimba akiosha vyombo ni yale maneno ya mapenzi, au ni to-to, to-to? Mimi nimeshaweka dau langu.

Hauko peke yako katika jambo hili. Kulikuwa na mchoraji wa Ufaransa anaitwa Jean Dubuffet, aliyezaliwa 1901, ambaye kabla ya kuishi kwa uchoraji alikuwa akiuza mvinyo. Mwishoni mwa 1960, tayari ana jina kubwa, alikaa na rafiki yake Asger Jorn, mchoraji wa Denmark, wakaanza kupiga, kupuliza na kukwaruza vyombo, vingine hata hawakujua kuvipiga, huku tepurekoda inazunguka. Mwaka 1961 zikatoka santuri, nakala chache. Ukizisikiliza utadhani kuna watu wanahamisha makabati usiku. Hakuna aliyeweza kumwambia Dubuffet kwamba sauti hana, kwa sababu hakuwa anashindana na waimbaji. Alikuwa akifanya kwa masikio kile alichozoea kufanya kwa mkono. Wala brashi hakuitupa: mwaka 1962, akichezea kalamu ya wino huku anaongea na simu, alianza michoro iliyozaa mfululizo wa kazi uliomshika hadi 1974. (Kweli, Dubuffet alikuwa na hela zake. Hakula kianzio cha mtu.)

Sasa hili la "mzima mzima". Nadhani swali lako la kweli ni fleksi. Umeona mabango ya maduka yameondoka kwa mashine, ukatazama brashi yako ukaingiwa na hofu, na muziki ukauona kama mtumbwi wa kukimbilia. Mtumbwi huo nao unavuja, tena zaidi. Kwenye mitandao ya kusikilizia muziki, msikilizaji akikusikiliza mara moja malipo yake kwa kawaida hayafiki senti moja ya Marekani, na hapo bado hujagawana na waliokusambazia. Wewe mtumbwi mmoja unakulipa jioni ileile. Na fleksi iliyochukua bango la duka haitashika kwenye ubavu wa mtumbwi unaolala majini, uliopinda, unaoburuzwa kwenye mchanga kila siku. Kazi hiyo bado ni ya mkono na rangi ya mafuta, na pale mwaloni mkono wenyewe ni wako.

Hao rafiki zako wa mshika mawili waulize kama wamewahi kuona ngoma ya bugobogobo. Waende Bujora, pale Kisesa, kwenye msimu wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, mwezi wa sita, baada ya mavuno. Wasukuma wanacheza na jembe mkononi. Jembe lilelile la shambani linarushwa juu linadakwa, na ngoma inaenda. Vikundi vya Bagika na Bagalu vimeshindana miaka na miaka nani anavuta watu wengi zaidi uwanjani, na watu hao walikuwa wakulima, wengine wakulima hodari kuliko wote kijijini. Mchezaji aliyeuza jembe ili acheze vizuri sijamsikia, na angecheza na nini?

Kalenda ya kukusaidia unayo tayari, na unaijua kuliko mimi. Dagaa wanavuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, mitumbwi inapandishwa nchi kavu, mafundi wanaziba, wewe unapaka. Marehemu baba alikuwa anaziita siku hizo Jumapili ya wavuvi. Siku hizo zako ni za brashi tu. Usiguse kompyuta. Kila mtumbwi utakaoupaka, fungu la mkeo linatoka kwanza, mpaka 280,000 yake ikamilike. Giza likirudi, mwalo unakosa kazi ya rangi na wewe unakaa unapiga miayo. Muziki wako ni wa giza.

Wala si usiku wa manane. Mkeo analala saa ngapi, ikiwa wewe unabofya na kurudia kipande kilekile mara thelathini pembeni ya kichwa chake, na saa kumi alfajiri anatakiwa awe mwaloni? Geuza. Lala naye, amka naye, mchemshie maji, mwangazie taa atoke. Kuanzia saa kumi hadi kumi na mbili chumba ni chako, na watoto bado wamelala sebuleni. Vaa hedifoni, maana ukuta wa nyumba za kupanga tunaujua ulivyo mwembamba. Ukitaka kurekodi kitu, tundika blanketi nyuma ya simu na uiweke juu ya taulo lililokunjwa. Chumba kitupu chenye bati kinarudisha mwangwi kama pipa. Ukienda ufukweni ivishe simu soksi, upepo wa ziwa usikuharibie. Na mvua ikipiga bati usikasirike ukasubiri ikatike. Irekodi.

Lile biti la kupakua liondoe. Lina mwenyewe, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, kama inavyokulinda wewe kwa hizo sekunde arobaini. Kama siku moja utataka kuzitoa hadharani, pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uzisajili, si mlolongo wa kukutisha.

Kuna jambo moja sikuliona kwenye barua. Hukusema kama mkeo amewahi kukisikiliza hicho kipande. Binti yako anakijua, prodyuza amekisikia, rafiki zako, sasa na mimi niliye mbali nimekirudia mara tatu. Yeye anayelala hatua mbili kutoka kwenye kompyuta hujawahi kumpa hedifoni? Usifanye hivyo leo. Leo atadhani unamuuzia kitu. Subiri deni liishe, na siku utakapompa, mwanzishie pale kwenye nyundo, ukate kabla hujaanza kuimba. Asubuhi zake zote ziko mle ndani.

Na siku binti akiosha vyombo huku anaimba, muombe mama yake ruhusa, kisha weka simu karibu na beseni, usimwambie mtoto arudie wala asimame vizuri. Sufuria, maji, na hicho anachokiimba. Kipande kijacho nitumie hicho.

Shangazi