Kizibo cha sinki la bafuni hakipandi: je, tununue sinki jipya?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Tumepanga nyumba Kisasa, hapa Dodoma. Sinki la kunawia bafuni lina kile kizibo cha chuma kinachofunguliwa kwa kijiti kilicho nyuma ya koki. Kwanza kijiti kilikuwa kizito, sasa nikikisukuma chini kizibo hakipandi kabisa. Maji yanashuka kidogo kidogo, na kwenye kabati la chini pameanza kulowa. Fundi aliyekuja alituambia sinki limekwisha, tununue jingine. Mwenye nyumba hataki hata kusikia. Je, tunaweza kulitengeneza wenyewe?

JIBU: Mnaweza, dada yangu, na sinki msinunue. Sinki ni kauri, na kauri haiharibiki kwa sababu kizibo kimekwama. Vinavyochakaa ni vifaa vya chini yake. Kwa dalili ulizozitaja, uzito wa kijiti kwanza, kisha kukwama, kisha kulowa kwa kabati, mimi ningeanza kuangalia kifaa kimoja tu: gololi.

Fungua kabati, washa tochi ya simu, uangalie nyuma ya bomba linaloshuka kutoka kwenye sinki. Kile kijiti cha nyuma ya koki kinashuka hadi kwenye bapa la chuma lenye matundu, kimebanwa na skrubu ndogo. Kwenye tundu mojawapo la bapa hilo umepita ufito mwembamba uliolala, umeshikwa na klipu. Ufito unaingia ndani ya bomba kupitia nati, na ndani ya nati hiyo ndipo inapokaa gololi ya plastiki, ufito ukiwa umepita katikati yake. Vyote hivyo hufanya kazi kama mizani ya sokoni: ncha ya nje ikishuka, ya ndani hupanda na kusukuma kizibo juu, ukivuta kijiti, ya nje hupanda, ya ndani hushuka, na sinki linafunga.

Sasa fikiria maji yetu. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa mji, na maji ya ardhini ya huku yana madini mengi. Ule ukoko mweupe unaoukuta ndani ya birika ndio huohuo unaoganda kuzunguka gololi. Sabuni nayo, kwenye maji ya namna hii, huacha utando mzito unaonasa nywele. Gololi inashindwa kuzunguka, watu wa nyumbani wanaongeza nguvu kwenye kijiti, gololi inakwaruzika, mpira wake wa kuzuia maji unaachia, na maji yanapata pa kupenyea. Ndiyo maana kabati limelowa.

Kabla hujafungua chochote, mwombe mtu akivute na kukisukuma kijiti kule juu ya sinki huku wewe ukiangalia chini, kwenye kabati. Kijiti kikicheza na bapa likabaki limetulia, ni skrubu iliyolegea. Ikaze na kizibo kitarudi kazini. Bapa likicheza bila ufito, klipu imechomoka au imekatika. Ufito ukicheza vizuri lakini kizibo kimelala, basi ncha yake ya ndani imeliwa na kutu au imetoka kwenye tundu la kizibo. Na kama kila kitu ni kigumu, hakuna kinachosogea, hiyo ni gololi.

Weka ndoo chini ya bomba na uwaambie wa nyumbani wasiguse koki. Chora kwa kalamu alama kwenye tundu ambalo ufito umepita. Ni jambo dogo linaloepusha kubahatisha baadaye. Bana klipu kwa vidole, chomoa ufito kwenye bapa. Kisha legeza nati kwa mkono, kinyume cha saa. Nati hizi mara nyingi ni za plastiki, na plaizi ikiuma kwa pupa huzipasua. Ikikataa, izungushie kitambaa kilicholoweshwa siki, subiri kama nusu saa, ndipo utumie plaizi taratibu, kitambaa kikiwa katikati. Ikitoka, vuta ufito wote nje. Hapo kizibo kitakuwa huru; kinyanyue kutoka juu. Utakuta kimevaa nywele na utelezi mweusi, na hicho peke yake kinatosha kueleza kwa nini maji yalikuwa yanashuka pole pole.

Loweka gololi na ufito kwenye siki nyeupe kwa saa moja au mbili, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Kizibo usikiloweke muda mrefu, kifute tu kwa siki na kukisuuza, maana asidi ikikaa sana hula ile rangi ya kung'aa. Sugua pia ndani ya shingo ya bomba, pale gololi inapokalia. Ukiona ukoko umebaki pale, endelea kusugua. Gololi safi ikikaa kwenye shingo chafu, mtarudi hapohapo.

Nisisitize jambo moja kwa moyo wote: msimimine maji ya betri wala dawa kali ya kuzibulia. Dawa hizo zikibaki ndani ya bomba kisha wewe ukafungua nati, zinakudondokea mikononi na usoni. Kama mtu wa nyumbani ameshamimina, mwageni maji mengi kwanza, vaeni glavu na miwani. Na siki isikutane hata kidogo na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwani zikichanganyika hutoa gesi ya sumu, na bafu zetu nyingi zina dirisha dogo tu.

Kagua gololi mchana, kwenye mwanga. Ikiwa laini bila mikwaruzo, irudishe. Ikiwa na mfereji uliochimbika, au mpira wake umekakamaa, nunua mpya. Chukua ile ya zamani uende nayo dukani, iwe Majengo hapa mjini au duka lolote la vifaa vya ujenzi la mtaani kwenu, ulinganishe kwa macho na mkono, kwa sababu unene hutofautiana. Mara nyingi huuzwa ikiwa na ufito wake.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua, ila kuna sehemu inayowasumbua wengi. Kizibo kina tundu kwenye mguu wake. Kishushe tundu likitazama nyuma, upande wa ufito, kisha ingiza ufito mpaka ncha ipite ndani ya tundu. Utajua umelipata pale utakapousogeza ufito na kizibo kikapanda na kushuka nao. Kaza nati kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Ukiikaza kupita kiasi gololi itakabwa na kijiti kitakuwa kizito kama mwanzo. Rudisha ufito kwenye tundu uliloliwekea alama, funga klipu. Kizibo kikiwa kimepanda hadi mwisho na kijiti kikiwa chini, kaza skrubu ya bapa. Vuta kijiti, sinki lisipofunga sawasawa, hamisha ufito tundu moja juu au chini ujaribu tena.

Kuna jambo hukuniuliza, lakini kwa mtaa wenye mgao wa maji lazima niliseme. Mtu anafungua koki, anakuta hakuna maji, anaiacha wazi na kwenda zake. Maji yakirudi usiku, na kizibo kimekwama chini, sinki linajaa. Angalia ndani ya sinki karibu na ukingo: kama lina tundu la kupunguzia maji, libonyeze-bonyeze kwa brashi ya chupa lizibuke. Lile tundu haliwezi kubeba maji ya koki iliyofunguliwa yote, lakini hupunguza madhara. Kama sinki halina tundu hilo, msitumie kizibo kibovu hata siku moja. Kitoeni kabisa na muweke kichujio mpaka mtakapokitengeneza.

Ukiamua kuachana na kijiti na kununua kizibo cha kubonyeza, ambacho kwa nyumba yenye watoto mimi nakipenda zaidi kwa sababu kina vitu vichache vya kuharibika, zingatia tundu hilohilo. Sinki lenye tundu la kupunguzia linahitaji kizibo ambacho bomba lake lina uwazi ubavuni. Lisilo na tundu linahitaji kisicho na uwazi. Ukikosea, ama maji ya ziada hayatakuwa na njia, ama yatavuja chini ya sinki. Kipimo cha kawaida cha bomba la sinki la kunawia ni inchi moja na robo, ila pima lako kwanza. Hiki cha kubonyeza nacho hushikwa na ukoko, lakini kichwa chake hufunguka kwa kukizungusha kwa mkono, unakisafisha bila hata kufungua kabati.

Kwa kuwa mmepanga, piga picha kabla na baada, na vifaa vya zamani muweke kwenye mfuko mumwonyeshe mwenye nyumba. Gololi na mpira ni gharama ndogo sana ukilinganisha na sinki, na wengi hukubali kuikata kwenye kodi wakiona kwa macho.

Mwisho wa kazi, jaza sinki, liachie maji yote kwa mkupuo, kisha funga karatasi ya chooni kavu kuzunguka nati na uiache usiku kucha mkiwa mnatumia sinki kama kawaida. Asubuhi karatasi ikiwa kavu, mmemaliza. Ikiwa imelowa, kaza nati kidogo tena. Ikilowa hata baada ya kubadilisha gololi na mpira, tatizo ni bomba lenyewe lililopasuka kwenye shingo, na hapo mwiteni fundi abadilishe bomba hilo na kizibo chake. Sinki libaki palepale ukutani.