Jibu: Shaperoni za histoni na shina bapa

Mdogo wangu wa Arusha, umeuliza: kama shaperoni (protini wasaidizi zinazobeba histoni) hazisomi jeni, mmea ukizikosa unaharibikaje umbo? Ni kwamba zinasimamia histoni ipi ikae wapi, na lini. Histoni ni protini ambazo DNA huzizungukia, nazo zina chaji chanya; zikiachwa bila msimamizi zinang'ang'ania DNA ovyo.

Shaperoni iitwayo CAF-1 huweka H3.1, aina moja ya histoni, pale DNA inaponakiliwa. Nyingine, HIRA, huleta aina ya H3.3, hasa kwenye jeni zinazofanya kazi. Sasa tazama Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara, iliyokosa FAS1 au FAS2, ambazo ni sehemu za CAF-1: shina linatanuka na kuwa bapa, majani yanapangika hovyo, na telomere (ncha za kromosomu) zinafupika kizazi hadi kizazi. Kiinitete cha panya kikikosa CAF-1 hakivuki hatua za mwanzo kabisa, lakini mmea unaishi na kutoa mbegu! Kwangu hapo ndipo penye utamu.

FACT, shaperoni nyingine, nayo husaidia polimerasi (kimeng'enya kinachosoma jeni) kupita kwenye nukleosomu, yaani DNA iliyozungushwa kwenye histoni. Ikipungua, kazi ya jeni FLC inayochelewesha maua hushuka, mmea ukachanua mapema.

Ila ule mchicha wenye shina bapa uliouona Moshi usiusingizie CAF-1 haraka. Bakteria au jeraha kwenye ncha inayokua huleta hali hiyohiyo. Panda mbegu zake kwanza, uone kama ubapa unarithiwa.