Mkuu, funga hilo daftari la misimu kabla hujaita waigizaji

Mkuu, funga. Umesema una maneno 60 ya kijiweni, unataka yote yaingie kwenye filamu ya bodaboda wa Tandale, halafu unauliza kama yanatosha na utawatafsiriaje maneno hayo watu wa Nairobi. Mimi nilikuwa na daftari kama hilo. Lilikula pikipiki yangu.

Kuna jamaa alijiita mshauri wa miswada. Akachukua hela, akaniambia, "Jaza kitaa, mwanangu, watu wanataka uhalisia." Nikajaza. Konda na buku zake na jero zake, sawa. Lakini hadi mwenye nyumba, mzee wa miaka 70, anadai kodi kwa "mkwanja"!

Balaa likawa tukio la mwisho. Dogo anasakwa na polisi, anaingia kwa mama yake saa nane usiku, analia: "Maza, nimepata soo." Dar soo ni msala, ni kashfa. Nairobi soo ni shilingi mia. Tulipoionyesha Nairobi, ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Yaani mtoto kamwamsha mama usiku wa manane, machozi yanamtoka, kisa kapata mia!

Nikasema basi, nirekodi upya maneno matatu tu. Kumbe dogo kashabalehe, ananguruma kama jenereta. Ikabidi tukio zima lipigwe upya na mwigizaji mwingine, ndipo pikipiki ikaenda. Mshauri hapokei simu. Ukimwona mwambie nimepata soo, achague mwenyewe ya Dar au ya Nairobi.

Na usidhani kosa lilikuwa Nairobi. Hata Manzese mstari ule ulikuwa wa uongo. Mtoto mwenye hofu hamletei mama yake maneno ya kijiweni, Kiswahili kinanyooka chenyewe: "Mama, nimeharibu." Mtazame konda. Sasa hivi anapiga bodi, "Suka, kanyaga!" Trafiki akinyoosha mkono tu, "Shikamoo, afande." Hapo hadhira inajua kaogopa, na hujaandika popote kwamba kaogopa. Angekuwa anaongea kitaa na kila mtu, hofu hiyo ungeionyeshea wapi?

Kwa hiyo pembeni ya kila mstari andika anaambiwa nani. Ukikosa jibu, kata msimu. Nimesoma ukurasa wa mswada wako uliouweka: bodaboda anamwambia nesi, "Mshkaji wangu kadedi?" Nesi, mkuu! Anza na huo.