Vitabu vya Hiccup na majoka: anza cha kwanza, usiruke, fika cha 12

Dada uliyeuliza kuhusu vitabu vya How to Train Your Dragon, nimesoma swali lako na majibu ya wenzangu. Umesema mwanao wa miaka tisa ameshazimaliza filamu, sasa anadai vitabu, nawe unataka kujua kama hadithi ni ileile, kama kuna uchawi ndani yake, na kama Kiingereza chake kitamshinda. Wengi wamekushauri umnunulie cha kwanza tu upime. Mimi naishi Glasgow, Scotland, na familia yangu, na vitabu vyote 12 nimevisoma kwa sauti na binti yangu tukiviazima maktaba ya mtaani kwetu, kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu.

Vinunue. Ila cha kwanza hakiwezi kuwa kipimo cha vingine, na hapo ndipo napishana na waliotangulia. Cha kwanza kinachekesha, kina michoro ya wino iliyochoreka kama daftari la mtoto mtundu, na majina ya watu yamejaa kamasi na kucheua. Mzazi akikifungua kwa haraka atasema ni upuuzi wa watoto. Lakini Cressida Cowell aliandika hadithi moja ndefu kuanzia 2003 hadi 2015, na mzaha wa vitabu vya mwanzo anaurudia baadaye ukiwa jambo zito kabisa.

Kuhusu filamu: majina mengi ni yaleyale, mambo ni mengine. Kwenye filamu ya 2010 Waviking (mabaharia wavamizi wa kale wa kaskazini mwa Ulaya) wa kisiwa cha Berk wako vitani na majoka, na Toothless ni joka jeusi kubwa ambalo Hiccup, kijana shujaa wa hadithi, analijeruhi kisha analiuguza. Kwenye vitabu Waviking tayari wanafuga majoka. Kila mvulana wa kabila la Hooligan lazima apande jabali, aingie pangoni majoka yakiwa yamelala usingizi wa majira ya baridi, aibe moja, alitie kapuni, kisha alifunze hadi litii. Atakayeshindwa anafukuzwa kabila. Hiccup ni mtoto wa chifu Stoick. Anamwachia rafiki yake Fishlegs joka alilolipata, anarudi pangoni kutafuta jingine, na anatoka na kijoka kidogo mno, kibogoyo. Huyo ndiye Toothless wa vitabuni. Ni mlafi, ana kigugumizi, hamshukuru mtu, na ukimwomba kitu atakuuliza kwanza atapata nini. Mwanao aliyezoea yule mweusi wa filamu anaweza kununa sura mbili tatu. Mwache, atamzoea. Astrid, yule msichana wa kwenye filamu, hayumo kabisa. Badala yake, kitabu cha tatu kinamleta Camicazi, msichana mdogo wa mwili, nywele timtim, ambaye hakuna gereza linalomweka. Binti yangu alimpenda kuliko Hiccup mwenyewe.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niendelee kusoma hata pale mtoto aliposinzia. Wavulana wa Berk wanafundishwa ufugaji wa majoka kwa kitabu cha profesa mmoja, na kitabu kizima kina agizo moja tu: lipigie kelele. Baba zao walifundishwa hivyo. Mwalimu wao Gobber anafundisha hivyo. Stoick anaendesha kabila hivyo, na mwanawe anamlea hivyohivyo. Hiccup hana sauti hiyo. Alichonacho ni lugha ya majoka, aliyojifunza tangu utotoni kwa kukaa kimya akiyatazama na kuyasikiliza, kitu ambacho baba yake amekipiga marufuku. Basi inambidi azungumze na Toothless. Anambembeleza, anamhonga samaki, anamtungia vichekesho, anamkasirikia, anaanza upya. Na linapotupwa ufukweni joka la baharini kubwa kama mlima, likiwa na nia ya kula kijiji kizima, kelele za kabila zima hazilitikisi hata kope. Kijana pekee anayeweza kwenda kulisemesha ni yule aliyekuwa akichekwa.

Wengi wetu humu tumelelewa kwa sauti ya juu. Wazazi wetu walitupenda, na upendo wao mara nyingi ulitufikia ukiwa umevaa ukali. Stoick ni mzazi wa aina hiyo. Anampenda mwanawe kiasi cha kuweza kufa kwa ajili yake, lakini hana maneno ya kumwambia. Cowell hamfanyi kuwa baba mbaya, na hilo nimelithamini sana. Anambadilisha polepole, kitabu hadi kitabu, na mtoto anayesoma anaona kwamba mtu mzima naye anaweza kujifunza.

Kwa nini nasisitiza mpangilio? Chukua kitabu cha pili, How to Be a Pirate. Wanatafuta hazina ya babu mkubwa wa Hiccup, haramia aitwaye Grimbeard the Ghastly, na Hiccup anaishia na upanga wa kawaida usio na vito wala madoido. Mtoto anausahau. Baadaye makabila yanatafuta vitu kumi vilivyopotea vya Mfalme, na mtu atakayevipata vyote ndiye atakayetawazwa. Hapo unagundua kwamba Hiccup amekuwa akiviokota kimoja kimoja tangu mwanzo, tena vile vilivyoonekana takataka. Aliyeruka kitabu cha pili na cha tano atasoma cha tisa bila kuelewa msisimko unatoka wapi. Huyo Grimbeard naye, aliyekuwa kichekesho cha zamani, inabainika kwamba alimuua mwanawe kwa mkono wake, kijana aliyekuja mbele yake kwa amani kuyaombea majoka uhuru. Tulipofika ukurasa huo binti yangu aliniambia nisome tena, taratibu.

Kitabu cha saba ndicho kinachogawa safari. Hiccup anajikuta kwenye meli yenye watumwa, na kabla hajatoka naye anapigwa chapa ya moto ya utumwa kichwani. Kwa sheria za Waviking, aliye na alama hiyo ni mtumwa maisha yake yote, hata awe mtoto wa nani. Anaificha chini ya kofia yake ya chuma kwa vitabu viwili. Hamwambii hata baba yake. Siri inapofichuka, mrithi wa chifu anageuka mkimbizi anayewindwa na watu wake. Tangu hapo swali la utumwa halitoki tena. Mbaya zaidi kwa Hiccup, analazimika kuuliza kuhusu yale majoka yaliyofungwa minyororo mazizini kwao, ambayo kitabu cha kwanza kilituzoesha kuyaona kama mifugo tu.

Jambo hili lina historia ya kweli nyuma yake, na hapa tulipo liko karibu. Ukipanda treni kutoka Glasgow kufuata mto Clyde unaliona jabali la Dumbarton, ngome ya kale. Mwaka 870 wafalme wa Kiviking wa Dublin, Olaf na Ivar, walilizingira kwa miezi minne hadi likaanguka, na mwaka uliofuata walirudi Dublin na meli 200 zilizosheheni mateka. Dublin wakati huo ilikuwa soko kubwa la watumwa. Nilimweleza binti yangu tukiwa kwenye treni hiyo. Tulipokwenda likizo nyumbani tukampeleka Zanzibar, pale Mkunazini, ambapo soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa juu ya eneo lake. Mbele ya zile sanamu zilizofungwa minyororo shingoni ndani ya shimo aliniuliza kama watu hao nao walikuwa na kitu cha kuficha alama. Nikakaa naye chini tukaongea sana. Asingekuwa ameishi miezi kadhaa na ile kofia ya Hiccup, nadhani pangekuwa kwake mahali pa kupiga picha tu na kuondoka.

Uviking wa vitabu hivi haukuokotwa hewani. Cowell alikulia London, lakini familia yao ilikuwa ikienda kukaa kwenye kisiwa kisicho na watu magharibi mwa Scotland, hakuna umeme, hakuna simu, mvua na upepo usiku kucha, na baba yake akiwasimulia habari za Waviking waliovivamia visiwa hivyo. Waliviteka kweli. Visiwa vya Hebrides vilikuwa chini ya Norway hadi mkataba wa Perth wa 1266. Ukifika Edinburgh, kwenye jumba la makumbusho la taifa, kuna vipande 11 vya sataranji vilivyochongwa kwa meno ya walrasi (mnyama mkubwa wa baharini), vilivyopatikana kisiwa cha Lewis mwaka 1831. Vingi zaidi viko London. Wamo askari wanaong'ata ngao zao kwa hasira ya vita, macho yamewatoka. Binti yangu alipowaona alicheka kwa sauti: "Baba, hawa ni Gobber!" Kama hamtafika huku, mtafutie mwanao picha zake mtandaoni kabla hajaanza kitabu cha kwanza. Zitamsaidia kuwaona watu wa Berk.

Kuhusu uchawi. Nakuelewa, mimi pia ni mtu wa dini na nilisoma nikiwa macho. Waviking wanaitaja miungu yao Thor na Woden kama watu wa zama zao. Yupo mchawi mwanamke, Excellinor, mama wa Alvin, adui mkuu wa Hiccup, naye ndiye sumu ya hadithi nzima: mwongo, mchochezi, mwenye kiu ya utawala. Hakuna shule ya uchawi, na Hiccup hajifunzi uganga wala hapewi nguvu za ajabu. Anachotumia ni akili, lugha na ukaidi wa kutomwacha rafiki. Kitu ambacho ningekuonya zaidi ni vifo. Vitabu vinne vya mwisho ni vya vita, vijiji vinateketea, na cha 11 kina kifo cha mtu unayemjua tangu mwanzo ambacho kitamliza mtoto. Kitakuliza na wewe. Kuwa karibu naye akifika hapo.

Kiingereza chake: sentensi si ngumu, ila maneno ya kubuni ni mengi na majina ni marefu. Jina kamili la shujaa ni Hiccup Horrendous Haddock III, na baadhi ya majoka yana majina ya mbwembwe za Kilatini. Mtoto asiyekizoea atakwama kurasa za kwanza. Dawa ni wewe kumsomea sura tatu nne za mwanzo kwa sauti, ukisimama kumwelezea kwa Kiswahili, ukimwigizia Gobber kwa sauti nzito na Toothless kwa kigugumizi chake. Michoro, ramani, barua zenye madoa ya wino na kurasa zinazotaja kila joka lina makucha gani na linatisha kiasi gani zitambeba zenyewe. Watoto wanaoogopa kurasa zilizojaa maandishi huwa wanapona na vitabu vya namna hii, nimeshuhudia kwa binamu zake aliowaazima. Vilevile kuna vitabu vya sauti alivyosoma mwigizaji David Tennant, Mskoti, naye kampa kila joka na kila mtu sauti yake. Mtoto akisikiliza huku anafuata kwa macho, majina yale yanamlainikia mapema.

Umeuliza pia ununue vingapi kwa kuanzia, maana bei ya seti nzima inauma. Nunua viwili vya kwanza kwa pamoja, kwa sababu cha pili ndicho kinachomleta Alvin na ule upanga. Akivimaliza akadai cha tatu, endelea navyo vitatu vitatu kwa kufuata namba zilizo mgongoni, na mitumba ya vitabu ni sawa kabisa mradi kurasa za michoro hazijachanwa. Cha 9 hadi cha 12 uwe navyo vyote nyumbani kabla hajaanza cha 9, kwa kuwa kila kimoja kinaishia pabaya na mtoto hatakubali kusubiri mwezi ujao.

Kama kuna aliyevisoma na watoto walio chini ya miaka saba aongezee hapa, hasa jinsi alivyopita vile vinne vya mwisho.